Mzimu Ule au Mzimu Yule? Riwaya ya Kutisha na Msomaji Kijana katika Fasihi ya Kiswahili

Kichwa cha riwaya ya kwanza ya Muhammed Said Abdulla kina fumbo la kisarufi ambalo ni rahisi kulipita bila ya kuliona. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1960 baada ya mswada wake kushinda shindano la uandishi la 1957-58, inamwahidi msomaji mzimu lakini haimwambii ni mzimu wa aina gani. Mzimu ni mahali: pango, mbuyu au gofu ambapo watu hupeleka ubani na sadaka. Mzimu pia ni roho ya mfu. Mahali ni mzimu ule. Roho, kwa msemaji anayeihesabu miongoni mwa vyenye uhai, ni mzimu yule. A-unganifu iliyotumiwa katika kichwa hicho inafaa maana zote mbili, kwa kuwa katika umoja ngeli hizo mbili hukutana kwenye wa. Lau Abdulla angeandika mizimu, angelazimika kuchagua baina ya ya na wa, na kwa kuchagua angekuwa amekwisha kusema kama anaamini au haamini. Katika umoja hakulazimika.

Utata huu si mchezo wa maneno tu. Ndani yake mna swali ambalo walimu wa fasihi katika shule za Kenya wamelikabili kwa miaka mingi, mara nyingi kwa kulikwepa: je, kijana wa shule ya upili apendekezewe riwaya ya majini, mizuka na uchawi? Na akipendekezewa, apewe ile inayomhakikishia kuwa hakukuwa na jini lolote, au ile inayomwacha usiku na shaka yake? Makala haya yanalifuatilia swali hilo kwa njia ya historia, kwa kuwa jibu ambalo limezoeleka shuleni lina asili yake, na asili hiyo si ya Kiswahili peke yake.

Inafaa kuanza kwa kukiri kwamba mambo ya ghaibu hayakuingia katika nathari ya Kiswahili pamoja na riwaya. Yalikuwamo tangu awali. Mkusanyiko wa ngano alioutoa Edward Steere mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja una kisa cha Sultani Majinuni na nunda mla watu. Tenzi nazo hazina upungufu wa viumbe wa aina hiyo. Atakaye ushahidi autazame utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi. Alfu Lela Ulela ilipofasiriwa kwa Kiswahili katika enzi ya ukoloni, haikumletea msomaji wa pwani jambo geni, ila ilimrudishia majini wake wakiwa wamepigwa chapa.

Hata hivyo, si haki kuziita kazi hizo za kutisha. Mhakiki Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi ya fantasia, alitofautisha hali tatu. Kuna ajabu ambayo ulimwengu wa hadithi huikubali bila ya mshangao. Kuna ajabu ambayo mwishowe hupatiwa sababu ya kawaida. Baina ya hizo mbili kuna hali nyembamba ya kusita, ambamo msomaji na mhusika hawajui waamini lipi. Ngano za Steere zimo katika hali ya kwanza. Nunda anapowala watu hakuna anayeuliza kama nunda wapo. Linaloulizwa ni nani atamwua.

Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, imo katika hali iyo hiyo, na ni mfano wenye mafunzo kwa sababu kwa miongo mingi imehesabiwa kuwa kitabu cha vijana. Mfalme Rai anatawala nchi iitwayo Ughaibu, jina ambalo lenyewe linatangaza kwamba hapa ndipo makao ya visivyoonekana. Adili anawapiga manyani wawili kila usiku, na manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria. Mtu aliyefungwa na mwanadamu mwingine katika mwili wa mnyama, anayepigwa mjeledi na ndugu yake kwa amri ambayo ndugu huyo hawezi kuivunja, ni picha ya kuogofya kabisa. Kwa nini basi haiogofyi? Jibu limo katika majina. Msomaji anayejua kwamba Hasidi ni Hasidi na Mwivu ni Mwivu hana nafasi ya kusita. Maadili yametangulia na jini amekuja nyuma yake kama askari wa mahakama. Shaaban Robert hakuwa na haja ya kumtisha kijana. Haja yake ilikuwa kumwadilisha, na jini alimfaa katika kazi hiyo.

Kwa hiyo hofu yenyewe, ile ya kusikia kishindo na kutojua ni cha nani, iliingia katika nathari ya Kiswahili pamoja na mpelelezi. Abdulla alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, mji ambao sherehe zake za Mwaka Kogwa zinajulikana mbali. Alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti. Wasifu huo mfupi unaeleza mengi. Mkaguzi wa afya ni mtu anayeingia katika nyumba za watu na kuchungulia visima vyao, anayeambiwa kwamba ugonjwa umeletwa na jicho baya, naye akaandika katika daftari lake kwamba maji ni machafu. Haishangazi kwamba riwaya yake ya pili, ya mwaka 1968, ilipewa jina la Kisima cha Giningi. Katika masimulizi ya Unguja na Pemba, Giningi ni makutano ya wachawi. Kisima ni kisima tu, na chaweza kupimwa kina chake kwa kamba.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale, Bwana Ali amekutwa ameuawa mzimuni, na kila mtu ana sababu ya kudhani kuwa wenyewe watu wa kale wamehusika. Bwana Msa anakuja na kiko chake na rafiki yake Najum, anauliza maswali ambayo hakuna aliyefikiri kuyauliza, na hatimaye anamwonyesha muuaji ambaye ni mtu wa nyama na damu. Wahakiki wamekwisha kuonyesha deni la Bwana Msa kwa Sherlock Holmes, wala deni hilo halihitaji kurudiwa hapa. Linalohitaji kutajwa ni deni la namna. Katika The Hound of the Baskervilles ya mwaka 1902, Arthur Conan Doyle alileta jibwa la kuzimu na kisha akaonyesha ni la nani na limepakwa nini. Zaidi ya miaka mia moja kabla yake, Ann Radcliffe alijaza kasri zake sauti na vivuli, na mwishoni akavieleza kimoja kimoja, kama anavyofanya katika The Mysteries of Udolpho ya 1794. Mpango huu wa kutisha kwanza na kueleza baadaye una ukoo mrefu huko Uingereza. Ulipofika Unguja ulikuta ardhi yenye rutuba, kwani hapa hofu haikuhitaji kubuniwa.

Abdulla aliutumia mpango huo kwa ustadi ambao haujapitwa na wengi waliomfuata. Ubora wake hauko katika ufumbuzi, ambao wakati mwingine umelazimishwa, bali katika kurasa zinazotangulia ufumbuzi. Watu wa riwaya zake hawaamini mizimu kwa ujinga. Wanaiamini kama vile mtu anavyoamini sheria za mji wake: kwa mazoea, kwa hadhari, na kwa kutotaka kuwa wa kwanza kuzivunja. Anapowasemesha, lugha yao inakuwa na kusitasita kwa watu wasiotaka kutaja jambo kwa jina lake.

Hata hivyo, msomaji mzoefu wa Bwana Msa hujua tangu ukurasa wa kwanza kwamba ule utashinda yule. Hapa ndipo inapofaa kuutazama muktadha wa kisheria na kielimu. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925, kama ile ya Tanganyika ya mwaka 1928, ilitungwa na watawala ambao hawakukubali kuwa uchawi una nguvu. Mbele ya sheria hizo mchawi alikuwa mtu anayejidai, na kosa lake kubwa lilikuwa kuwatia watu hofu kwa madai yake. Shule za enzi hiyo zilisomesha kwa mantiki iyo hiyo. Hakuna haja ya kudai kwamba Abdulla aliiandikia serikali. Hakuna ushahidi wa jambo hilo. Lakini si jambo la ajabu kwamba miongoni mwa njia zote ambazo riwaya ya kutisha ya Kiswahili ingeweza kuzifuata, njia iliyoshinda tuzo, ikachapishwa na ikaingia shuleni ni ile ambayo mzimu hufutwa kabla ya jalada la nyuma. Kijana aliruhusiwa kuogopa kwa sharti la kuponywa.

Sharti hilo lilikuwa na gharama. Kijana wa bweni alijua majini wa aina nyingine. Wanafunzi waliopitia shule za bweni, za pwani na hata za bara, wanakijua kisa cha mwanamke mzuri anayeomba lifti usiku katika barabara ya Mombasa, na dereva anapotazama chini anaona kwato. Kisa hicho hakina Bwana Msa. Hakuna anayekuja asubuhi kueleza kwamba kwato zilikuwa viatu. Husimuliwa taa zikiwa zimezimwa, msimulizi hukoma pale pale penye kwato, na nguvu yake yote imo katika kukoma huko. Wasanii wa video wa Tanzania walilitambua jambo hili mapema kuliko wachapishaji: filamu za Mussa Banzi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama Nsyuka na Shumileta, zilipata watazamaji vijana kwa kukataa kueleza. Fasihi andishi iliyopendekezwa shuleni ilikuwa imeliacha eneo hilo wazi, na eneo lililoachwa wazi halikosi wa kuliingia.

Haikuwa kwamba hapakuwa na riwaya. Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1977, na mpaka leo ndiyo riwaya ya Kiswahili inayostahili kutajwa kwanza kwa kijana anayetaka kutishwa kwa haki. Mhusika wake mkuu, Gusto, ni kijana msomi kutoka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Anarudi nyumbani kwa baba aliye katika kufa, na kinachomngoja si shamba wala ng'ombe bali uchawi wa baba huyo. Lazima uwe na wa kuurithi, na aliyepo ni yeye.

Neno la kwanza la kichwa linastahili kupimwa. Mirathi ni istilahi ya sheria. Ni neno la kadhi, la mafungu, la hesabu ya nani apate nini. Kulitumia kwa uchawi ni kusema kwamba uchawi ni mali yenye utaratibu, yenye warithi halali, na kwamba kukataa fungu lako ni tendo linalohitaji sababu. Abdulla alimpeleka msomaji mzimuni pamoja na mgeni mwenye akili asiyeguswa na mahali pale. Mung'ong'o anamwingiza kijana aliyevaa sare ya shule, mwenye vitabu, ambaye damu yake mwenyewe inamwita. Msomaji wa miaka kumi na saba hawezi kusema kwamba hayo ni mambo ya wazee wa kijijini. Mzee wa kijijini katika riwaya hii ni baba yake.

Hapa kusita kwa Todorov kunapata sura ambayo Todorov mwenyewe hakuifikiria. Alidhani kwamba msomaji husita baina ya sababu ya kimaumbile na isiyo ya kimaumbile. Gusto hasiti hapo. Anajua analopewa. Kusita kwake ni baina ya kuwa mwana na kuwa mwanafunzi, baina ya utii na elimu, na hofu inatokana na kwamba pande zote mbili zina haki juu yake. Sigmund Freud, katika insha yake ya mwaka 1919, alisema kwamba kinachotisha zaidi si kigeni bali ni kile cha nyumbani kilichofichwa kisha kikajitokeza. Riwaya ya Mung'ong'o ni ithibati ya kauli hiyo kuliko mifano mingi aliyoitumia Freud. Iandikwe pia kwamba ilitungwa katika miaka ya vijiji vya ujamaa, wakati ambapo dola ilikuwa ikitangaza mwanzo mpya wa kila kitu. Mwandishi kijana akajibu kwamba kuna urithi ambao haukuhamishwa na malori yaliyowahamisha watu.

Riwaya hii ina kasoro zake. Kasi yake ni kubwa mno penye visasi, na wahusika wa kike hawakupewa nafasi ya kutosha kuwa watu. Lakini kasoro hizi si sababu ya kutoipendekeza. Sababu iliyotolewa na walimu wengi, wazi au kwa minong'ono, ni nyingine: kwamba inaufanya uchawi uwe kweli.

Ili kuuelewa uzito wa hofu hiyo kwa upande wa Kenya, hapana budi kukumbuka miaka ya 1990. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikafikishwa bungeni mwaka 1999. Shule zilitajwa miongoni mwa mahali ambapo vijana walisemekana kuandikishwa. Mwaka 1995, ng'ambo ya pili ya maji, Pemba na Unguja zilikumbwa na hofu ya Popobawa, watu wakalala nje mafungu mafungu wakikesha kwa moto. Katika hali hiyo mwalimu aliyeingia darasani na riwaya ya jini alikuwa anahatarisha zaidi ya kipindi chake. Riwaya iliyowapendeza wote kwa vijana wa wakati huo ilikuwa Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, na ilistahili kupendwa. Lakini ni riwaya ya jua la mchana. Msomaji aliyeipenda na kutaka kitu cha usiku hakuonyeshwa pa kwenda.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika miaka hiyo hiyo watunzi wenyewe walikuwa wakielekea usiku. Nagona ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, zote mbili zikiwa zimeuacha uhalisia wa Rosa Mistika na kuingia katika ulimwengu wa ndoto na vifo visivyokamilika. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila ikafuata mwaka 2002. Tahakiki za vyuo vikuu zilizipokea kazi hizi kwa shangwe, zikazijadili chini ya istilahi za usasa na usasabaadaye, na kwa kufanya hivyo zikawasahaulisha wasomaji kwamba kazi hizo pia zinatisha. Ni udhaifu wa taaluma. Mhakiki akishaita kitu ishara, haoni tena haya ya kutokiogopa. Hata hivyo, kumpa Nagona mwanafunzi wa kidato cha pili ni kumwonea. Riwaya hiyo inamtaka msomaji aliyekwisha kuchoshwa na riwaya nyingine, na kijana hajapata muda wa kuchoka.

Kazi iliyovuka pengo hilo ni Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, iliyotolewa mwaka 2001. Kichwa chake kinafaa kusomwa sambamba na kile cha Abdulla. Kiambishi -po- hakiulizi kama babu alifufuka. Kinalichukua hilo kuwa jambo lililokwisha kutokea, na kinangoja kusimulia lililotokea baada yake. K, mtu wa tabaka lililofaidika na uhuru, anatokewa na babu yake aliyekwisha kuzikwa, na babu huyo hamwachi mpaka amemwonyesha jinsi watu wake wanavyoishi. Anayefufuka hapa hana haja ya kueleweka. Ana haja ya kusikilizwa. Nacho kinachotisha si sanda wala harufu ya udongo. Ni kwamba mfu anaijua nchi vizuri zaidi kuliko mjukuu wake aliye hai na mwenye gari. Kwa sarufi ya babu huyu hakuna ule. Ni yule tangu mwanzo hadi mwisho, na hilo ndilo linalomkera K.

Kijana anaisoma riwaya hii bila ya taabu kubwa, kwa sababu inamtisha kwanza na kumfikirisha baadaye, na huo ndio utaratibu unaofaa. Ingekuwa vizuri kama ingekuwa fupi kidogo.

Hoja ya wanaopinga vitabu hivi haifai kudharauliwa, kwa kuwa nyuma yake mna maiti za watu. Mwezi wa Mei 2008, huko Kisii, wazee 11 walichomwa moto na umati uliowadai kuwa ni wachawi. Katika Kilifi, wazee wamekuwa wakiuawa kwa shutuma hiyo kwa miaka mingi, na mara kwa mara chini ya shutuma pamekuwa na ugomvi wa shamba: mwenye mvi anaitwa mchawi na yule atakayeigawa ardhi yake. Umati wa namna hiyo huwa na vijana ndani yake. Mzazi au mwalimu anayeuliza kama ni busara kumpa kijana riwaya ambamo uchawi ni kweli hajauliza swali la kijinga.

Lakini swali hilo, likitazamwa kwa makini, halizihukumu riwaya zote kwa hukumu moja, na wala halizihukumu kwa namna inayodhaniwa. Masikani ya wazee wa Kilifi ni Mzimu wa Watu wa Kale iliyoandikwa upya na watu wasioisoma: kuna maiti, kuna imani, na kuna mtu anayejificha nyuma ya imani hiyo ili apate anachokitaka. Swali la Bwana Msa, la nani atafaidika, ndilo ambalo umati haukuuliza. Kwa hiyo riwaya ile, ambayo mhakiki wa leo anaweza kuiona ya kizamani kwa kuondoa mzimu wake kwa urahisi, bado ina kazi. Aibu ni kumpa kijana riwaya hiyo peke yake na kudhani imetosha. Kijana anayeamini haachi kuamini kwa sababu mtu mwenye kiko amefumbua kesi moja. Anahitimisha tu kwamba katika kesi ile hapakuwa na mzimu, na anasubiri ile ambayo utakuwapo.

Mirathi ya Hatari inafanya lile lisiloweza kufanywa na upelelezi. Inamweka msomaji katika nafsi ya yule anayeshukiwa. Msomaji amekuwapo usiku ule kando ya kitanda cha baba. Ameiona njia ambayo mtu hufikia kuitwa mchawi, na ameona kwamba njia hiyo imejaa woga, heshima, wajibu na upweke. Aliyepitia njia hiyo kwa kurasa zote hizo atapata taabu kumtazama bibi kizee wa jirani kama kwamba ni kitu. Umati huhitaji yule ageuke ule kabla ya kuwasha kiberiti. Riwaya inayomzuia asigeuke haiwezi kuhesabiwa kuwa mshirika wa umati, hata kama inakubali kwamba uchawi upo.

Mpangilio wa kuzipendekeza basi una umuhimu wake. Mzimu wa Watu wa Kale itangulie, kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili, kwa ajili ya raha yake na kwa ajili ya swali lake. Mirathi ya Hatari ifuate mwaka mmoja baadaye, isomwe na darasa zima na si kwa siri, maana kitabu cha kutisha kikisomwa kwa siri hugeuka kuwa uthibitisho. Babu Alipofufuka ingoje kidato cha nne. Kisima cha Giningi kiachwe katika rafu kwa wale watakaokitafuta wenyewe. Ndivyo vitabu vya aina hiyo hupendwa. Nagona na Mzingile zingoje chuo kikuu. Wakutubi wa shule, ambao huulizwa na vijana kwa aibu kama kuna kitabu cha majini, wawe na la kuwajibu kabla hawajarudi kwenye simu zao.

Mwalimu atakayeanza na Abdulla anaweza kuanza na jalada peke yake. Awaambie wanafunzi waandike sentensi moja juu ya mzimu huo, mtendwa wowote na kitenzi chochote wanachokitaka, kabla ya kufungua ukurasa. Wengine wataandika mzimu ulikuwa, wengine mzimu alikuwa. Asisahihishe. Azikusanye karatasi, azifungie katika dawati, na azirudishe siku ya kumaliza Mirathi ya Hatari, akiwataka waiandike sentensi ile ile tena.